Misingi ya Usanifu wa Michoro Katika Magome ya Ituri

Mafunzo rasmi ya sanaa nchini Kongo mara nyingi huhesabiwa tangu 1943, Bruda Marc Wallenda alipoanzisha shule ya Mtakatifu Luka huko Gombe-Matadi. Kwa mwanafunzi wa sekondari wa Bunia, mwanzo huo uko mbali mno. Katika msitu wa Ituri, Wambuti wanaume waligonga magome ya miti hata yakawa nguo; wanawake wakayachora kwa maji ya tunda la gadenia yaliyochanganywa na masizi. Mistari hukatizana, hukoma ghafla, na pengine huachwa patupu. Mstari, mpangilio, nafasi: ndiyo misingi ile ile ifundishwayo darasani. Wakusanyaji walizipeleka nguo hizo Ulaya, mara nyingi bila jina la mchoraji. Mwalimu ana mfano, hana wa kumtaja.