Oksitosini: kutoka wodi ya wazazi hadi msitu wa Rubondo

Mtoto akishatoka tu, mwongozo unamtaka mkunga wa Geita, kama wa kwingine kote nchini, amchome mama sindano ya oksitosini pajani, uniti 10. Mji wa mimba unakaza, damu inazuilika. Dawa yenyewe hukaa kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8, na umeme ukikatika kwa muda mrefu nguvu zake hupungua.

Homoni hiyo haikutungwa kiwandani. Ubongo huitengeneza wenyewe. Mwaka 1906 Mwingereza Henry Dale aliona kwamba utomvu wa tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, hukaza mji wa mimba. Mwaka 1953 Vincent du Vigneaud akaiunda maabara huko New York, na miaka miwili baadaye akapewa Nobeli ya kemia. Kwa wengi ikabaki kuwa dawa ya wodini.

Habari iligeuzwa na panya. Kuanzia 1972 Lowell Getz alikuwa akitega panya wa nyikani jimboni Illinois, Marekani, akashangaa mtego mmoja kunasa dume na jike wale wale tena na tena. Kumbe wanaishi kama mume na mke, na dume hulea watoto. Jamaa zao wa milimani hawana habari hiyo: wakishapandana, kila mmoja na njia yake.

Sue Carter na wenzake wakaonyesha kwamba oksitosini inahusika. Lakini homoni wanayo wote, waaminifu na wasio waaminifu. Jibu lilitolewa na Thomas Insel na Lawrence Shapiro mwaka 1992: tofauti iko kwenye vipokezi, zile protini juu ya chembe za ubongo ambazo homoni huingia kama ufunguo kwenye kitasa. Panya wa ndoa wanavyo kwa wingi katika sehemu za ubongo zinazohusika na raha. Wa milimani vimekaa kwingine. Mwaka 2004 timu ya Larry Young, Atlanta, ilipandikiza kipokezi cha vasopresini, homoni ndugu, kwenye ubongo wa madume wa jamii nyingine isiyo ya ndoa. Madume hao wakaanza kung'ang'ania jike mmoja. (Wenye mabango ya "mrudishe mpenzi wako" kwenye nguzo za umeme wasichangamke: dawa bila kitasa haifungui kitu.)

Nami nisiwe mwepesi kuliko wao. Mwaka 2023 watafiti wa California walifuta kabisa kipokezi cha oksitosini kwenye panya wale wa ndoa, nao wakaendelea kuoana. Ubongo, yaelekea, una zaidi ya njia moja.

Hapa ndipo kisiwa cha Rubondo, mkoani Geita, kinaponivutia. Furukombe wa ufukweni pale huishi wawili wawili na huitana kwa kupokezana. Sokwe hawana ndoa, na hao wa Rubondo walianza wakiwa wageni wa kila kitu: kati ya 1966 na 1969 Bernhard Grzimek na Shirika la Wanyama la Frankfurt waliwashusha 17, waliotoka kwenye bustani za wanyama na sarakasi za Ulaya. Wengine walizoea watu mno wakawa hatari. Bado walizaana, na kisiwa kikawa hifadhi ya taifa mwaka 1977.

Waliunganishwa na nini? Dokezo liko Budongo, Uganda. Watafiti walikinga mkojo wa sokwe kwenye majani wakaupima; mwaka 2013 Catherine Crockford na wenzake waliripoti kwamba oksitosini hupanda sokwe anapochambuliwa manyoya na rafiki yake, awe ndugu wa damu au la. Akichambuliwa na asiye rafiki, haipandi hivyo. Nadhani hilo linawaeleza wale 17 vizuri kuliko mfano wa panya: sokwe hahitaji mwenza wa maisha, anahitaji rafiki wa kumchambua manyoya.