Vidaka vya Pate, Mabati ya Kibera

Kitabu cha marudio nilichonunua kwa muuza mitumba karibu na stendi ya 46, Kawangware, kinalimaliza shairi la Al-Inkishafi kwa aya moja: magofu ni dunia, taa ni uhai, basi. Aliyekuwa nacho kabla yangu amepigia "dunia" mstari mwekundu. Lakini mshairi alianza na fumbo, au alianza na nyumba?

Simulizi inayopendwa yasema mtunzi wake, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, aliyalilia magofu ya Pate, mji wa pwani ya kaskazini ya Kenya, baada ya mji huo kushindwa na Lamu katika vita vya Shela, mnamo 1812 au 1813. Tamu, ila hesabu inaisumbua. Huyohuyo hukadiriwa kuzaliwa karibu 1720. Ama alitunga akiwa mkongwe wa miaka tisini na ushei, ama makadirio yamekosea, ama Pate ilianza kubomoka kabla ya Shela, maana ugomvi wa kiti cha enzi ulikuwa umeitafuna siku nyingi. Nishike lipi?

Chapa za zamani za shairi hazikunifaa. Ya 1915 imo ndani ya kitabu cha sarufi cha Cambridge. Ya 1939 ilitolewa London. Moja yaliita shairi kioo cha dunia, nyingine kuamka kwa roho. Hujafika ubeti wa kwanza, jibu umeshapewa! Ni kweli mshairi anausuta moyo wake. Mbona basi anahangaika na vyombo?

Na anahangaika navyo hasa. Vidaka, vile vishubaka vya ukutani vya kupangia sahani za kaure, sasa vimelaliwa na makinda ya ndege. Popo wananing'inia juu. Bundi anakoroma katikati ya nyumba. Mwenye haja ya fumbo tu hana haja ya kujua sahani zilikaa wapi. Nani angeyakumbuka hayo kama si mtu aliyewahi kukaribishwa humo?

Nikalipeleka swali Makina, Kibera, kwa mzee Mnubi ambaye babu yake alikuwa askari wa King's African Rifles. Yeye halijui shairi hilo. "Mwanangu," akasema, nyumba zilipobomolewa 2018 kupisha barabara, watu walisimama juu ya mabati wakionyeshana: hapa jiko, pale kitanda. Dunia hakuitaja mtu. Si ushahidi wa zama za mshairi, najua, lakini kwangu umeushinda ule mstari mwekundu: fumbo lipo, ila limeegemea ukuta wa kweli. Magofu ya Pate yangalipo. Ni ukuta upi kati ya kuta zake alioujua mshairi?