Mirathi ya Kiislamu Karagwe na Kyerwa: fungu la binti katika kibanja cha ukoo

Mwislamu anapofariki Karagwe au Kyerwa na kuacha kibanja cha migomba na buni, swali la kwanza mahakamani huwa ni sheria ipi itakayotumika kugawa mali yake. Swali la nani apewe nini hufuata baadaye.

Uislamu si mgeni katika maeneo hayo. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa na kituo chao Kafuro katika karne ya 19, enzi za Mukama Rumanyika. Hata hivyo, mila iliyowatangulia ilihesabu ardhi kuwa ya ukoo, na makaburi ya wazee yaliyomo kibanjani ndiyo hati yake.

Mahakama za makadhi Tanzania Bara ziliondolewa katika mfumo wa mahakama za serikali mwaka 1963. Tangu hapo mirathi ya Kiislamu na ya kimila hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Kuwa na jina la Kiislamu pekee hakutoshi. Mahakama hupima mtindo wa maisha ya marehemu na nia yake. Hapo ndipo mivutano huanza, kwani baadhi ya ndugu humkumbuka marehemu msikitini, wengine humkumbuka katika vikao vya ukoo.

Tofauti si ndogo. Tangazo la Sheria za Kimila la 1963 liliweka mabinti daraja la tatu na kuwaruhusu kutumia ardhi ya ukoo bila kuiuza, isipokuwa ukoo ukikosa mwanamume. Mjane mwenye watoto hakupewa fungu. Alitunzwa na wanawe.

Chini ya sheria ya Kiislamu, baada ya mazishi, madeni na wasia usiozidi theluthi moja, mjane mwenye watoto hupata thumni. Tuchukue ekari 8, mjane mmoja, mwana mmoja na mabinti wawili, wazazi, babu na bibi wa marehemu wakiwa wameshafariki. Mjane atapata ekari 1, mwana 3.5 na kila binti 1.75. Binti hupata nusu ya kaka yake, jambo linalolalamikiwa sana mijini, lakini nusu hiyo ni milki yake kamili. Kwa binti wa Kinyambo, hilo ni zaidi ya alichopewa na mila.

Mila yenyewe imetikiswa. Februari 1990, katika kesi ya Bernardo Ephrahim na Holaria Pastory iliyotoka mkoani Kagera, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza aliamua kuwa mwanamke aweza kuuza ardhi ya ukoo kwa masharti yale yale ya mwanamume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 nayo inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi.

Linalobaki ni udogo wa vibanja. Ekari moja ikikatwa vipande vinne haimlishi mtu. Fiqhi inaruhusu takharuji, yaani mrithi kukubali malipo na kuacha fungu lake. Mwenye mali aweza pia kutoa hiba na kuikabidhi angali hai na mwenye afya. Makubaliano hayo yaandikwe mbele ya mashahidi, na mabinti walioolewa mbali waitwe kabla kikao cha familia hakijapeleka muhtasari wake mahakamani.