Ndege Ikipiga Hospitali, Nani Anajibu?

Jina la Shinkolobwe linajulikana duniani kwa sababu ya uranium iliyotoka pale na kutumiwa kwa bomu la Hiroshima. Kuna habari nyingine ya Shinkolobwe isiyosemwa sana. Desemba 1961, askari wa ONU walikuwa wakipigana na jeshi la Moïse Tshombe huko Katanga. Mwaka uliofuata, madaktari raia 46 wa Elisabethville, mji unaoitwa leo Lubumbashi, walitoa kitabu cha malalamiko. Waliilaumu ONU kwamba mizinga na ndege zake zilipiga hospitali, na kati ya hospitali walizozitaja ilikuwemo ile ya Shinkolobwe. ONU nayo ilisema kuwa askari wa Tshombe na mamluki wake ndio waliokuwa wanajificha katikati ya raia na kufyatua risasi kutoka humo.

Ni nani aliyesema kweli, kila mzee wa Katanga ana jibu lake kufuatana na upande aliokuwa. Lakini swali lililobaki ni lile lile linaloulizwa popote ndege inapoangusha bomu juu ya wagonjwa: nani anajibu? Aliyebonyeza kifungo? Aliyempa amri? Serikali iliyomtuma? Kwa Katanga jibu lilikuja kwa njia ya pesa. Tarehe 20 Februari 1965, ONU na Ubelgiji zilipatana: ONU ilitoa dola 1.500.000 kwa ajili ya Wabelgiji walioumizwa au kuharibiwa mali katika Congo. Malalamiko yalikuwa karibu 1400, yaliyokubaliwa ni 581. ONU ilishika kanuni kwamba hailipi kilichoharibika kwa sababu ya lazima ya vita. Nchi nyingine za Ulaya zilipata mapatano kama hayo kwa raia wao. Mkongomani aliyepoteza mtu wake katika siku zile hakuwa na balozi wa kumpelekea faili New York.

Ndege za vita za ONU huko Katanga zilitoka India, Uswidi na Etiopia. Jambo hilo linashangaza kidogo kwa anayejua historia, maana Uswidi na Etiopia ndizo zilizokuwa upande wa wahanga miaka 26 mbele ya hapo.

Etiopia ilivamiwa na Italia Oktoba 1935. Tarehe 6 Desemba ndege za Italia zilipiga mji wa Dessie, ambako mfalme Haile Selassie alikuwa amefika, na hospitali ya Wamarekani ikapigwa pia. Kisha ikaja tarehe 30 Desemba. Kule kusini, mahali panapoitwa Melka Dida, Msalaba Mwekundu wa Uswidi ulikuwa umesimamisha hema zake za kutibia majeruhi. Hema zilikuwa na alama ya msalaba, kubwa, ya kuonekana kutoka juu. Ndege zilikuja zikaangusha mabomu juu yake. Watu zaidi ya 20 walikufa, wengi wao wagonjwa waliolala, na Mswidi mmoja. Daktari kiongozi, Fride Hylander, alijeruhiwa.

Safari hiyo hakuna aliyeweza kusema kwamba rubani hakuona. Siku nne mbele, rubani Muitalia aliyelazimika kutua karibu na Degehabur alikamatwa na kuuawa. Jenerali Rodolfo Graziani, mkubwa wa vita upande wa kusini, aliamuru kisasi, na ndege ziliangusha hata makaratasi ya kuwaeleza Waetiopia kwamba wanalipwa kwa ajili ya rubani huyo. Roma ikaongeza sababu ya pili: kwamba Waetiopia wanatumia alama ya msalaba kuficha silaha. Sababu hii ya pili ikumbukwe, kwa sababu tangu siku ile haijapumzika.

Mkataba wa Geneva wa 1929 ulikwisha kukataza kabisa kushambulia hospitali za vita, na Italia ilikuwa imetia sahihi. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilianza kutafuta njia ya kufanya uchunguzi. Barua zilienda na kurudi kati ya Geneva, Roma na Addis Abeba. Aprili 1936, Shirika la Mataifa liliomba lipewe habari ambazo Kamati ilikuwa nazo. Kamati ikakataa, ikisema uchunguzi unahitaji siri. Tarehe 5 Mei 1936 Waitalia waliingia Addis Abeba na uchunguzi ukafia hapo hapo. Wanaotetea Kamati wanasema ililinda nafasi yake ya kutojiunga na upande wowote. Wagonjwa wa Melka Dida hawakufaidika na ulinzi huo.

Kuhusu Graziani, baada ya vita kuu ya pili alihukumiwa na mahakama ya kijeshi ya Italia yenyewe, mwaka 1950, kifungo cha miaka 19. Kosa? Kushirikiana na Wajerumani. Etiopia haikuwemo katika hukumu hiyo, na katika miezi michache tu alikuwa nje.

Basi mtu atasema: hayo yalikuwa mambo ya zamani, ya wafalme na wakoloni, leo kuna sheria na kuna satelaiti. Tuangalie Kunduz.

Kunduz ni mji wa kaskazini mwa Afghanistan. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, lile lile linalojulikana sana huku mashariki mwa Congo kwa magari yake meupe, lilifungua pale hospitali ya majeruhi mwaka 2011. Tarehe 28 Septemba 2015 Watalibani waliteka mji. Kesho yake MSF ilituma tena namba za GPS za hospitali kwa pande zote, Wamarekani wakiwemo. Usiku wa tarehe 3 Oktoba kulikuwa na wagonjwa 105 ndani. Umeme wa mji ulikuwa umekatika. Hospitali ilikuwa moja kati ya majengo machache yenye mwanga, na bendera za MSF zilikuwa juu ya paa.

Saa nane na dakika nane za usiku, ndege ya Marekani ya aina ya AC-130 ilianza kufyatua. Ndege hii hairushi bomu moja na kwenda zake. Inazunguka juu na kupiga kwa mizinga. Ilipiga jengo kubwa, penye chumba cha wagonjwa mahututi na vyumba vya upasuaji. Ilifyatua mara 211. Saa nane na dakika 20 MSF ilikuwa imekwisha kupiga simu kwa jeshi la Marekani. Komanda wa askari waliokuwa chini alielewa kosa saa nane na dakika 37, wakati ndege ilikuwa imeshaacha kupiga. Hizo ni saa za jeshi lenyewe. MSF inasema mashambulizi yalichukua karibu saa nzima. Watu 42 walikufa: wagonjwa 24, wafanyakazi 14, na ndugu 4 waliokuwa wakiwahudumia wagonjwa.

Maelezo yalibadilika kama hali ya hewa. Siku ya kwanza jeshi lilisema huenda kituo cha afya kilichokuwa karibu kiliguswa. Tarehe 5 Oktoba, Jenerali John Campbell alisema ni Waafghanistan walioomba msaada wa ndege. Kesho yake, mbele ya maseneta, akasema uamuzi ulikuwa wa Wamarekani na hospitali ilipigwa kwa makosa. Tarehe 7, Rais Obama alimpigia simu Joanne Liu, rais wa MSF, akaomba msamaha. Wakati huo huo wakubwa wengine wa Afghanistan walikuwa wakisema Watalibani walijificha ndani. Ndiyo sababu ya pili ya Roma, imerudi baada ya miaka 80. Kweli palikuwa na Watalibani hospitalini: walikuwa majeruhi, vitandani, pamoja na majeruhi wa serikali, na mpiganaji aliyeumia akiwa kitandani analindwa na sheria. Ripoti ya jeshi yenyewe haikuonyesha risasi yoyote iliyotoka mle.

Ripoti hiyo ilitoka tarehe 29 Aprili 2016, kurasa zaidi ya 3000, na ukiisoma unaona jinsi lawama inavyogawanywa mpaka kila mtu anabaki na kipande kidogo. Ndege iliruka mapema kuliko ilivyopangwa, na orodha ya mahali pasipopigwa haikuwemo ndani. Mitambo ya mawasiliano iliharibika. Ndege ilisogea mbali kwa kuogopa kombora, na namba walizopewa zikawaonyesha uwanja mtupu. Wakatafuta kwa macho jengo linalofanana na lile waliloambiwa, ofisi ya usalama ya Afghanistan iliyokuwa umbali wa mita 400 hivi. Dakika moja kabla ya kufyatua, walituma kwa wakubwa wao Bagram namba za mahali wanapopiga. Zilikuwa namba za hospitali. Bagram walikuwa na orodha. Hakuna aliyelinganisha.

Watu 16 walipewa adhabu za kikazi, jenerali mmoja akiwemo: barua za karipio, kuondolewa kazini, kupelekwa mafunzo. Hakuna aliyeshtakiwa. Jeshi lilisema uhalifu wa kivita unahitaji nia, na hapa nia haikuwepo. Hoja hiyo inasikika vizuri, lakini si wanasheria wote wanaoikubali. Mwaka 2003, katika kesi ya Jenerali Galić wa Bosnia, mahakama ya The Hague ilisema kwamba mtu anayeshambulia bila kujali kama wanaokufa ni raia anaweza kuhesabiwa kuwa amekusudia. Familia za Kunduz zilipewa dola 6000 kwa aliyekufa na dola 3000 kwa aliyejeruhiwa.

MSF haikutaka mshtakiwa ajichunguze mwenyewe. Iliomba tume ya kimataifa ya uchunguzi, chombo kilichowekwa tangu 1991 chini ya mikataba ya Geneva. Tume ilikubali kufanya kazi, lakini bila ruhusa ya nchi zinazohusika haiwezi kuanza. Marekani na Afghanistan hazikutoa ruhusa. Siku chache baada ya ripoti, tarehe 3 Mei 2016, Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2286 la kulinda hospitali vitani. Kati ya waliopiga kura ilikuwemo Marekani, na pia Urusi iliyokuwa ikiisaidia serikali ya Syria kwa ndege. Hospitali ya Al Quds huko Aleppo ilikuwa imepigwa wiki moja tu mbele.

Machi 2020, majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai waliruhusu uchunguzi juu ya uhalifu wa Afghanistan, Wamarekani wakiwemo. Septemba 2021 mwendesha mashtaka Karim Khan alitangaza kwamba atashughulikia kwanza Watalibani na Dola la Kiislamu, na mengine yatasubiri. Mwezi mmoja mbele, MSF ilikuwa imefungua hospitali mpya ya majeruhi mjini Kunduz.