Shairi la Blake lililoishtaki London

Mwaka 1794 mchonga nakshi wa Lambeth, kusini mwa mto Thames, alichapa shairi la mistari 16 akaliita kwa jina la mji wake. William Blake hakuwa na mchapishaji. Aliandika maneno yaliyogeuzwa juu ya bamba la shaba kwa rangi isiyoliwa na asidi, asidi ikala shaba iliyobaki, kisha akachapa nyumbani akisaidiwa na mkewe, Catherine.

Rasimu yake ipo hadi leo, nayo inaonyesha alivyozidi kuwa mkali. Mwanzoni aliilaumu mitaa na mto kwa uchafu. Baadaye akaufuta uchafu, akaandika kuwa vyote viwili vimewekewa hati. Uchafu hauna mwenyewe. Hati ina mwenyewe. Ni hati za kifalme zilizoyapa makampuni ya biashara ukiritimba, na Thames yenyewe ilikuwa chini ya mamlaka ya watawala wa Jiji la London. Mwandishi Thomas Paine alikwisha kuandika kwamba hati za namna hiyo huwapa haki wachache kwa kuwapokonya wengi. Desemba 1792 alitiwa hatiani kwa uchochezi, mwenyewe akiwa Ufaransa.

Blake anataja wanaolia na wanaopaswa kujibu. Damu ya askari anaifikisha kwenye kuta za kasri. Uingereza ilikuwa vitani na Ufaransa tangu Februari 1793. Kilio cha mtoto msafisha dohani anakipeleka kanisani. Sheria ya 1788 ilikataza kuwaajiri watoto walio chini ya miaka 8, lakini haikuwa na wa kuisimamia. Wazazi mafukara waliwatoa wanao kwa pesa kidogo, wakapandishwa ndani ya dohani nyembamba zilizojaa masizi. Na hatari yake ilijulikana: mwaka 1775 daktari Percivall Pott aliandika kuhusu saratani ya mfuko wa korodani iliyowapata wasafisha dohani. Kanisa lililohubiri huruma liliyaona hayo yote.

Badiliko la pili katika rasimu ndilo linalonigusa zaidi. Pingu za watu Blake alikuwa amezihusisha na Ujerumani, ilikotoka nasaba ya mfalme George III. Katika shairi lililochapwa, zinafuliwa akilini. Mfalme hajasamehewa, ila sasa hata mnyonge anaulizwa kwa nini ameuzoea unyonge wake.

Blake alifariki mwaka 1827. Watoto waliendelea kupandishwa dohani hadi sheria ya 1875 ilipowapa polisi kazi ya kulizuia jambo hilo.