Wathai na Wajordani Marekani: Nani Ana Nafuu?

Wanaolinganisha hali za Wathai na Wajordani waliohamia Marekani hutazama kwanza pato la nyumba. Mimi nasema tusikimbilie. Pato hilo hujumlisha mapato ya wote waishio nyumba moja: baba, mama na kijana aliyeanza kazi. Mjordani wa Paterson, New Jersey, mwenye watoto watano, na Mthai wa Los Angeles mwenye mmoja, hata wakipata sawa hawaishi sawa.

Tena hesabu ya jumla huficha wanyonge. Mwaka 1995, Wathai 72 waliokolewa El Monte, California, walikofungiwa nyuma ya seng'enge wakishona nguo kwa ujira duni.

Ukiletewa takwimu, uliza: wachumaji wangapi, walaji wangapi, na nani hakuhesabiwa?