Kwinini, homa na moyo unaojichaji

Nikipita Same kwa basi, macho yangu huenda kwenye reli. Mei 1916 jeshi la Lettow-Vorbeck lilirudi nyuma kuifuata reli hii, Waingereza wakiwa nyuma yake. Maradhi yaliangusha watu wengi kuliko risasi, na wapagazi ndio walioumia zaidi. Kwa kuwa bahari ilikuwa imefungwa, Wajerumani walijitengenezea kwinini kutoka kwenye magamba ya miti iliyopandwa Amani, kule Usambara. Ilikuwa chungu balaa. Askari wakaibatiza pombe ya Lettow.

Miaka miwili kabla ya hapo, 1914, daktari Mholanzi Karel Wenckebach alikuwa ameandika kisa cha mfanyabiashara mmoja ambaye moyo wake ulikuwa ukienda ovyo. Bwana yule alimwambia daktari kwamba akimeza gramu moja ya kwinini, moyo unatulia. Kesho yake akarudi, mapigo yamenyooka. Mwaka 1918 Walter Frey akaonyesha kwamba kwinidini, ndugu wa kwinini kutoka gamba lilelile, ina nguvu zaidi. Kumbe dawa ya homa ilikuwa inagusa umeme wa moyo!

Baada ya kila pigo, seli za moyo lazima zijichaji upya kabla ya pigo linalofuata. Kwinidini huchelewesha kazi hiyo, klorokwini nayo pia, na kuchelewa kukizidi moyo unaweza kuvurugika na kuua. Ndiyo maana madaktari hupima muda huo kwa ECG.

Shida ni kwamba dawa haiko peke yake mle ndani. Kuna neva zinazojiendesha bila sisi kuziamrisha. Upande mmoja unaharakisha: ukiwa na homa au hofu, moyo unadunda na muda wa kujichaji unafupika. Upande wa pili, kupitia neva ya vagasi, unapoza. Homa ikishuka, vagasi inarudi kazini, mapigo yanapungua, na muda ule unarefuka wenyewe.

Sasa fikiria mgonjwa wa malaria. Anapimwa siku ya kwanza akiwaka moto, anapewa dawa, anapimwa tena siku ya tatu akiwa ametulia. Muda umerefuka. Nani kaurefusha, dawa au kupona? Mwaka 2020 jarida la PLoS Medicine lilichapisha uchambuzi wa vipimo vya watu zaidi ya 10,000, wengi wao wagonjwa wa malaria, na likaonya kwamba kupona kwenyewe kunaweza kudhaniwa ni athari ya dawa.

Kwa watu wa tambarare za Upare hili si suala la maabara tu. Hapa ndipo ulipofanyika mradi wa malaria wa Pare-Taveta, dieldrini ikipulizwa kwenye kuta za nyumba kuanzia 1955 hadi 1959. Vifo vya watoto wachanga vilipungua. Upuliziaji ukakoma, malaria ikarudi taratibu, na watu wakaendelea kutegemea vidonge. Dawa nzuri ikisingiziwa, mtu wa Kisiwani au Ndungu anapoteza kinga. Dawa mbaya ikitetewa kwa kisingizio cha homa, anaweza kupoteza maisha.

Kwa hiyo anayeisoma karatasi ya siku ya tatu inabidi aulize kwanza: siku ya kwanza joto lilikuwa ngapi, na moyo ulikuwa ukipiga mara ngapi kwa dakika?